Vidonge vya Unga

Muuguzi wa kliniki, Sista Wangu, alifungua bahasha ya utafiti, akasoma barua iliyomo, kisha akairudia kana kwamba maneno yangeona haya na kubadilika.

"Mama, vidonge vyako havikuwa na dawa. Ni unga tu. Nusu yenu walipewa dawa na nusu unga, ndio tujue tofauti."

Jepkorir alicheka. Utani gani huu? Mwaka na nusu hakuwa ameona siku zake. Akaanza kumeza vile vidonge kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye shamba la maua, na mwezi wa pili damu ikarudi. Alilia chooni kwa furaha. Mumewe, Kibii, alimpigia mama yake simu Molo siku hiyohiyo. Mama mkwe, ambaye ulimi wake haujui likizo, akateremka hadi kwao Karagita na gunia la viazi na kibuyu cha maziwa ya mursik, akamwita "mama watoto" kabla hata hajaketi.

"Lakini si nilipona, Sista?"

"Ulipona. Mwili wako ndio ulifanya hiyo kazi. Si ni habari njema?"

Habari njema! Mtu aliyeegemea ukuta, ukimwambia hakuna ukuta, ataegemea nini?

Mwezi huo damu haikuja. Uliofuata pia haikuja. Kazini alipanga mawaridi ndooni, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane ya kazi hiyo akayaonea huruma. Ua lililokatwa hufunguka vizuri tu kwa siku chache, halijui kwamba halina mzizi.

Jioni simu iliita. Alikuwa mama mkwe.

"Viazi viliisha? Nilete vingine?"

Kesho yake Jepkorir alirudi kliniki.

"Nipe tena vile vidonge."

"Vya unga? Na unajua si dawa?"

"Najua. Lakini wewe niambie ni dawa mpya, Sista. Sema imetoka ng'ambo. Nitaamini, haki."

Sista Wangu aliinuka. Akavuta droo, akatoa kikopo cha vidonge kilichobaki.

"Hii ni dawa mpya," alisema. "Imetoka..."



Jepkorir alikuwa tayari amenyoosha kiganja. Akainua uso, akaona macho ya Sista yamelowa, akakifunga kiganja kikiwa kitupu.