Sori za Meneja wa Dobi

Asubuhi, kabla mvuke haujajaa ndani ya jengo la dobi, meneja alikuwa akipenya katikati ya mikokoteni ya mashuka. Alimwomba njia mama wa kuanika kwa kusema sori, na sori ikamtoka kinywani ikaangukia sakafuni. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, laini kama kamasi, na ilinuka kitambaa kilichosahauliwa majini. Mama wa kuanika aliiruka akaendelea na kazi.

Sori zake zilianza kuanguka tangu apewe cheo, na watu walishazoea. Ya kuomba njia ilienea kwenye kijiko. Ya kumwambia mtu arudie maneno kwenye simu ilikuwa na vinyweleo. Ya kumnyima mtu ruhusa ya kwenda kuzika ilijaza bakuli, na iliendelea kupumua hadi mchana. Mfagiaji alizizoa kwa koleo huku kabana pua. Alikuwa akisema kinywa ni jumba la maneno, ila jumba hili lilijengwa bila choo.

Meneja angeweza kusema pole, au samahani, au hapana, au nipishe. Neno lake la kigeni lilimfanyia kazi zote hizo, na juu ya yote lilimwepusha na kusema nimekosa. Hilo ndilo lililokuwa likichefua kuliko ile harufu.

Mashine ya kupiga pasi mashuka ilikuwa na roli mbili za moto. Zamani mbele yake palikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia mikono, meneja akaamuru ung'olewe kwa kuwa ulichelewesha kazi. Mpiga pasi mmoja aliingiza shuka, na mkono wake ukafuata shuka. Meneja alikwenda kumwona hospitali, akasimama miguuni pa kitanda, akasema sori. Iliyotoka siku hiyo ilikuwa kubwa kama mto wa kulalia, akalazimika kuivuta kinywani kwa mikono miwili. Ikatua juu ya blanketi la mgonjwa, na mama mzazi wa mgonjwa akaenda kuomba beseni.

Binti mmoja, mdogo wa yule mpiga pasi, naye alikuwa mfanyakazi hapo dobi, kwenye meza ya kukunja. Akahamishiwa kwenye mashine ya dada yake. Kabla hajaigusa, alimfuata meneja ofisini.

"Bosi, ile sori ya dada bado iko nyumbani, hatujui tuitupe wapi," alisema. "Mimi sitaki nyingine. Sema tu umekosa, halafu urudishe wavu."

Meneja alifungua kinywa. Koo lilimpanda likashuka, kama la paka anayetaka kutapika. Waliokuwa mlangoni walisubiri, maana safari hii alionekana kujitahidi. Ikatoka sori, ikateleza juu ya tai yake na kujikunja mezani. Binti akarudi kazini, kwa sababu nyumbani sasa aliyebaki na mikono ya kazi ni yeye.

Baadaye hoteli moja ilirudisha mashuka yake. Yalikuwa na madoa ya kijivu ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa dawa. Hapo meneja hakulaza damu. Siku hiyohiyo alimwita fundi wa kuchomelea, na fundi akaukuta ule wavu stoo, mzima kabisa. Aliupima, akasema kuurudisha kwenye mashine si kazi hata ya nusu siku.

Meneja akamwonyesha kwingine. Wavu ukachomelewa chini mbele ya mlango wa ofisi, kama kizingiti, ili sori ziishie ndani zisifike kwenye mashuka ya watu. Ilikuwa kazi nzuri, na fundi alisifiwa. Hoteli ikaridhika. Mfagiaji alisema angalau sasa uchafu una zizi.

Wavu ulipopoa, meneja alimwita binti wa mashine auvuke apite upande wa ndani. Akamtazama mikono, wa kulia na wa kushoto, kisha akasema sori. Ilikuwa kubwa, na bado ya moto. Ikamwangukia binti begani.

"Ya nini tena, bosi?"

"Ya mbele ya safari. Siku yenyewe naweza kuwa kwenye kikao."

Binti akajipangusa bega, akarudi kwenye mashine, akashika ncha ya shuka lililofuata.