Radjabu na Alama za Mkono wa Saliha

Radjabu alikuwa fundi wa magari katika mtaa wa Buyenzi, mtu mpole kiasi kwamba hata boliti iliyoshika kutu aliibembeleza kwanza. Mke wake, Saliha, alikuwa mshonaji, naye hakubembeleza kitu. Watu wa mtaani walisema nyundo zote za Radjabu ziko gereji, isipokuwa ile moja aliyoioa.

Ndiyo maana yaliyomkuta mwezi ule wa tatu yalimshangaza. Kwanza salamu zilipungua. Alipita asubuhi mbele ya wanawake waliokuwa wakichagua maharage, akatoa salamu, nao wakaitikia kwa ncha ya midomo kama watu waliolazimishwa. Jirani yao wa ukuta mmoja, mjane aliyeitwa Mama Mwanne na kila mtu, alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akageukia upande wa pili. Radjabu akajikagua kama labda amevaa shati kinyume.

Siku ya nne alikuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana, aliposikia sauti.

"Radjabu, toka huko chini."

"Mama Mwanne, nimeshika giaboksi. Nikiiachia itaniangukia."

"Iache ikuangukie."

Alitafuta kigogo cha kuishikiza, akatoka. Wanawake watatu walikuwa wamesimama, mmoja na mwiko mkononi. Mafundi wenzake wakazima mashine zao ili wasikie vizuri.

"Tumeona mikono ya Saliha," alisema Mama Mwanne. "Nyeusi, bluu, kuna mahali imekuwa hata ya kijani. We mutu mpole hivi, kumbe upole ni wa mbele ya watu?"

Radjabu aliweka spana chini. Alama hizo alikuwa ameziona. Saliha alimwambia ni pembe ya meza ya cherehani, naye aliamini, kwa sababu Saliha akishasema jambo, kuamini ndiyo njia fupi. Sasa aibu ilimshika. Majirani walikuwa wamemtazama mke wake vizuri kuliko yeye.

"Twende nyumbani," alisema. "Mumuulize mwenyewe."

Saliha alikuwa akishona gauni la mtu. Alipoelezwa kesi, alisimamisha cherehani, akamtazama mumewe aliyekuwa na grisi mpaka kwenye sikio, akaangua kicheko.

"Huyu? Anipige mi? Huyu akiua mende anamuomba samahani kwanza!"

"Wote wanasemaka hivyo," alijibu Mama Mwanne bila kutabasamu.

Saliha akazidi kucheka. Alitupa kichwa nyuma, na hapo wote wakayaona meno yake. Yalikuwa mekundu. Damu ilitoka kwenye fizi, ikashuka taratibu pembeni mwa mdomo, na mwenyewe ameketi tu kwenye kiti chake, hajaguswa na mtu. Alijifuta kwa kipande cha kitambaa cheupe, akakitazama. Kicheko kikaisha.

Kesi ya Radjabu ikaahirishwa papo hapo. "Kwa Mzee Zénon," alisema Mama Mwanne. "Sasa hivi. Radjabu, tafuta teksi, usisimame hapo kama mlingoti."

Zénon alikuwa mtaalamu wa majani na wa kukanda viungo huko Musaga, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba chake kilinukia mkaratusi. Alimkalisha Saliha, akamwomba aonyeshe miguu. Chini ya magoti kulikuwa na vidoadoa vyekundu vingi, vidogo, kama mtu aliyenyunyiziwa pilipili ya unga. Zénon alichukua glasi, akaikandamiza juu ya vidoa hivyo, akachungulia. Havikufifia. Akakifunga kichupa chake cha mafuta ya kukandia na kukirudisha kabatini.

"Wiki hizi umekunywa nini?"

"Aspirini. Kichwa kinanisumbua."

"Na nini tena?"

Saliha alimtazama Mama Mwanne, na Mama Mwanne akajibu mwenyewe, kwa fahari. "Kitunguu saumu na tangawizi. Nilimtengenezea chupa nzima, ya kusafisha damu."

"Umeisafisha kweli," alisema Zénon. "Sasa uiache ichafuke kidogo. Na aspirini isiingie tena kinywani, hata nusu kidonge." Alichana karatasi kwenye daftari, akaandika. "Mi simgusi. Nikimkanda nitamjaza damu chini ya ngozi. Huyu anatakiwa ahesabiwe damu, na majani yangu hayajui hesabu."

"Mzee! Tumepita hospitali ngapi njiani tukaja kwako, na we unaturudisha hospitali?" alilalamika Mama Mwanne.

"Nawatuma kwa Dokta Adélaïde, hospitalini Mutanga Nord. Mumuambie ni mi. Atanuna, lakini atawapokea."

Ndani ya teksi Radjabu alikifungua kikaratasi, maana hakikuwa kwenye bahasha. Kilisema: "Dokta, nakutumia mgonjwa anayetokwa damu. Sijampa hata jani moja, kwa hiyo usihangaike kunitafutia kosa. Zénon."

Dokta Adélaïde, daktari wa magonjwa ya damu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alisoma, akaguna, akamtoa Saliha damu mwenyewe. Pamba ilibidi ishikiliwe pale kwenye mkono muda mrefu sana kabla tundu la sindano halijatulia. Majibu yalipofika alasiri, alimgeukia Radjabu.

"Baba, utupishe kidogo."

Radjabu alijua anachoulizwa mke wake mle ndani. Alikaa kwenye benchi la korido, mikono juu ya magoti, akajiambia kwamba ni sawa, lazima waulize, hata yeye angetaka dada yake aulizwe. Lakini masikio yaliwaka moto. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu yake alisogeza mkoba wake mbali naye.

Mlango ulifunguliwa. Saliha alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, anajizuia kucheka.

"Umeachiliwa, baba," alisema Dokta. "Njoo ukae. Ndani ya damu kuna vipande vidogo sana vinavyoziba matundu. Tunaviita plakete. Katika tone dogo kabisa tunategemea kukuta zaidi ya laki moja na nusu. Za mke wako ni elfu nane."

"Zimekwenda wapi?"

"Mwili wake unaziharibu. Kinga yake imezidhania ni adui. Tumepima malaria na mengine, si hayo. Aspirini haikuanzisha ugonjwa, lakini hata hizo plakete chache zilizobaki ilizizuia kufanya kazi."

Radjabu alifikiri. "Ni kama king'ora cha gari kinachomfungia nje mwenye gari."

Dokta alimtazama kwa heshima mpya. "Huo mfano nauchukua."

Saliha alilazwa siku tano, akaanzishiwa vidonge vya kuituliza ile kinga. Siku za mwanzo Radjabu hakutania na mtu. Alikaa kando ya kitanda akiiangalia mikono ile, na kila alama aliitafutia siku yake: hii ilitokea lini, nami nilikuwa wapi? Saliha alimwambia aache kumkagua kama gari la mtumba.

Fizi zilipoacha kutoa damu, Radjabu akapata ujasiri wa kumfuata Dokta mlangoni.

"Naomba karatasi."

"Ya kazini?"

"Ya mtaani. Iandike kwamba sikumpiga."

Dokta alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Saliha mwenyewe aliridhia, na karatasi ikaandikwa: Saliha ana ugonjwa wa plakete, alama hutokea zenyewe. Mama Mwanne aliichukua akaisoma nyumba kwa nyumba, kwa bidii ileile aliyotumia kuendesha mashtaka. Nyumba ya tatu plakete zikawa plastiki, na jioni watu walikuja kumpa Radjabu pole kwa mke aliyemeza plastiki. Radjabu aliwashukuru wote. Salamu zilikuwa zimerudi.

Nyumbani shida ilibadilika sura. Vidonge vilimletea Saliha njaa isiyo na adabu. Alikula ugali wake, akala wa Radjabu, akauliza kama majirani wamebakiza. Uso ulijaa, usingizi ukamkimbia, na hasira, ambayo hata zamani haikuwa mbali, ikahamia sebuleni moja kwa moja. Alimgombeza Radjabu kwa kupumua. Kisha siku moja alilia mbele ya kioo, akasema uso huu si wangu.

Radjabu akapanda basi mpaka Musaga. "Mzee, nipe kitu cha kumtuliza."

"Majani simpi mpaka Dokta akubali," alisema Zénon. "Lakini kuna mambo yasiyo majani." Akamfundisha namna ya kupumua, hesabu nne kuvuta, sita kutoa. Akamwandikia chakula: chumvi kidogo, sukari kidogo, mboga nyingi, na matembezi asubuhi kabla jua halijakaza. Vidonge vimezwe mapema baada ya kifungua kinywa, si jioni. Mwishoni akaongeza chai moja ya majani. "Mpelekee Dokta aione."

Dokta Adélaïde alisoma orodha yote, akatikisa kichwa kwa kukubali mstari baada ya mstari, alipofika kwenye chai akaikata kwa kalamu nyekundu. Pembeni aliandika: "Mengine vizuri sana. Usijisifu."

Zénon alipoonyeshwa alisoma mara mbili. "Miaka kumi na moja mwanamke huyu ananikatia chai," alisema, akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

Basi wakawa wanapumua pamoja, Saliha na Radjabu, kila asubuhi kwenye mkeka. Radjabu alikosea hesabu, Saliha akamkaripia, na kumkaripia kukawa sehemu ya dawa. Plakete zikapanda: elfu thelathini na moja, halafu sabini na nne. Dozi ilipopunguzwa zikashuka hadi arobaini, na wiki hiyo Radjabu alikosea hesabu bila kukaripiwa. Dokta aliwaambia ukweli: kuna wanaopona kabisa, kuna wanaoishi na ugonjwa huu miaka mingi, na hakuna anayejua mapema Saliha ni yupi kati yao. Saliha alisema, "Sawa. Mi pia siwaambiaka wateja gauni litaisha lini."

Mwezi wa saba zilifika elfu tisini na sita. Siku hiyo Saliha alitoka kwa Dokta akasema anataka mukeke wa kuchoma, yule samaki wa ziwani, tena wa ufukweni, siyo wa nyumbani. Walikaa kwenye viti vya plastiki, ziwa likimetameta mbele yao na milima ya Kongo ng'ambo.

"Sahani mbili," Radjabu alimwagiza mhudumu. "Bila chumvi."

Mhudumu alimtazama kwa huruma. "Pole sana, baba. Unaumwa tangu lini?"

"Ni moyo wake," alidakia Saliha. "Mwoga sana."

Samaki walipokuja, Saliha alimaliza wa kwake, akavuta sahani ya mumewe karibu, akamwachia kichwa.