Waliozaliwa Tarehe Ishirini na Nane

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, Thobias alisoma redioni kipindi kifupi kiitwacho Siku Kama ya Leo. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba viwili pale Nyamiaga wilayani Ngara, lakini ilisikika kata ya Keza yote na kuvuka hadi mashamba ya Biharamulo. Watu walikipenda kipindi hicho. Walisikiliza huku wakinywa uji, kisha ndipo wakashika majembe.

Jumatatu hiyo, tarehe ishirini na nane Aprili, alikuwa na matukio matatu kwenye karatasi. Alisoma habari za bondia Muhammad Ali, aliyekataa kuingia jeshini mwaka 1967. Akasoma za tajiri wa Kimarekani aliyejilipia nauli ya kwenda anga za juu mwaka 2001. Kisha akapunguza mwendo, maana tukio la tatu wasikilizaji wake wengi walilishuhudia kwa macho yao: Alhamisi moja ya mwaka 1994, watu kutoka Rwanda walianza kumiminika kwenye daraja la mpakani la Rusumo, na ndani ya siku moja tu wakawa wameingia Ngara zaidi ya laki mbili.

La nne hakuliandika, lilimtoka tu.

"Na siku hiyohiyo, hospitali ya Rulenge, mama mmoja wa Keza alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye anayezungumza nanyi sasa hivi."

Scolastica, fundi mitambo, alicheka nyuma ya kioo akafungua simu ili watu wampongeze. Simu ya kwanza iliingia papo hapo.

"Karibu, uko hewani. Nani mwenzangu?"

"Sauti yangu umeshaisahau?"

Thobias aliitambua. Alikuwa Matiasi, baba yake mdogo. Hawakuwa wamesemeshana tangu Januari, walipomzika baba yake Thobias. Matanga hayajaisha, Matiasi alikwisha kutamka kwamba shamba la migomba la kando ya mto lirudi kwenye ukoo. Baraza la ardhi la kijiji lilipanga kuwasikiliza Alhamisi ya wiki hiyo.

"Shikamoo, baba mdogo."

Marahaba haikuja.

"Ukiwasomea watu historia, isome yote," sauti ilisema. "Mwaka huo kwa kaka yangu kulikuwa na vichanga viwili. Kimoja cha mama yako, kimoja cha mkimbizi. Mwezi wa sita kikabaki kimoja. Mpaka leo hatujaambiwa kilichobaki ni kipi. Muulize mama yako wewe ni yupi. Muulize kabla ya Alhamisi."

Simu ikakatika. Scolastica aliweka muziki wa kwaya haraka.

Alimpigia mama yake. Simu iliita bila kupokelewa. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne ilikuwa imezimwa. Na alijua kwamba mama yake, Marsiana, hakuwahi kukosa kipindi hicho hata siku moja.

"Nenda," Scolastica alimwambia. "Taarifa ya habari nitaisoma mimi."

Alichukua pikipiki yake akashika njia ya Keza. Mvua za masika zilikuwa zimeharibu barabara, na mara mbili gurudumu la nyuma liliteleza akakaribia kuingia mtaroni. Hakupunguza mwendo. Shule ya msingi walimwita Mtoto wa Rusumo. Alipigana kwa ajili ya jina hilo akavunjwa jino, na baba yake alipomwosha damu alimwambia neno moja tu: achana nao. Hakumwambia kwamba ni uongo. Leo, katikati ya tope, ndipo Thobias alipoligundua hilo.

Nyumbani alikuta mlango wazi. Maharage yalikuwa yakiungulia jikoni na hapakuwa na mtu. Aliepua chungu, akatoka kuelekea kwa Matiasi, mbio, pikipiki ameiacha uani.

Watu kama kumi na watano walikuwa wameshakusanyika. Matiasi alisimama mbele ya mlango wake na panga mkononi. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe, na panga hakuliweka chini. Hatua tatu mbele yake alisimama Marsiana, mwanamke wa miaka sitini, pekupeku, kanga kaikaza kiunoni.

"Rudia," Marsiana alikuwa akisema. "Uliyoyasema redioni, shemeji, yaseme mbele yangu."

"Nimeuliza swali tu."

"Miaka thelathini na moja tumekaa ua kwa ua. Swali lako umelipeleka Nyamiaga?"

Thobias alijipenyeza, akasimama kati yao. Panga lilikuwa karibu na goti lake.

"Baba mdogo, weka panga chini."

"Usiniite baba mpaka nijue wewe ni wa nani!"

Mtu mmoja aliguna. Marsiana alimshika mwanawe mkono akamsogeza kando, akaanza kueleza bila kupaza sauti, hata walio nyuma ikabidi wasogee.

"Nilijifungua Rulenge siku ile ya Alhamisi. Siku ya tatu wakamleta mwanamke wa Rwanda kitanda cha jirani, jina lake Esperansia. Alikuwa amejifungua siku hiyohiyo ya Alhamisi, njiani, baada tu ya kuvuka daraja. Homa ilikuwa imemkausha, hana tone la maziwa. Mimi nilikuwa nayo. Akaniomba nimchukue mtoto wake mpaka apone. Niliwanyonyesha wote wawili wiki tano. Mwezi wa sita alikuja alfajiri na mtu wa kambini, akamchukua mwanawe, akaenda. Mume wangu alinikataza kusema, maana tuliogopa kuulizwa kwa nini tuliweka mkimbizi nje ya kambi."

"Alimchukua yupi?" Matiasi alidakia. "Vichanga vinafanana. Nani anajua alimchukua yupi?"

Marsiana alimtazama kwa mshangao.

"Kwani mkeo hajakwambia? Yule alikuwa wa kike."

Matiasi alitikisa kichwa. "Uongo. Umeutunga leo."

"Muulize mkeo."

Domisiana, mke wa Matiasi, alikuwa ndani wakati wote huo. Aliposikia akitajwa alitoka, akasimama kizingitini nyuma ya mumewe.

"Rudi ndani," Matiasi alisema bila kugeuka.

Hakurudi.

"Niliwaogesha mimi," alisema. "Shemeji yako alikuwa bado hajapata nguvu. Niliwaogesha kila jioni, wiki tano. Mgeni alikuwa msichana. Aliyebaki ni huyu."

"Ulijua, na Januari nilipoanza kesi hii ukanyamaza?"

"Ulisema shamba ni la watoto wetu. Nikanyamaza." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Lakini leo umemtukana mtoto mbele ya wilaya nzima. Hilo sikuliweza."

Matiasi aligeuka. Panga lilipanda pamoja na mkono, na Thobias akaruka akaukamata, wanaume wengine wawili wakamshika mabegani. Pengine hakukusudia kumpiga. Mpaka leo watu wa Keza wanabishana. Panga lilidondoka kwenye majani ya ng'ombe, na mzee yule akakaa chini palepale, uso kwenye magoti.

Alhamisi hakufika barazani. Domisiana alifika peke yake, akatoa ushahidi, kisha akapanda gari kwenda kwa kaka yake Biharamulo. Shamba likabaki kwa Thobias. Ilimchukua Matiasi wiki tatu kumfuata mkewe, na inasemekana alikaa siku mbili kwa shemeji zake kabla hajakubaliwa kuongea naye.

Lakini jioni ya Jumatatu ile, Thobias na mama yake walikula maharage yaliyoungua. Alikuwa na hasira naye kwa kumficha. Tena alikuwa na aibu: pale uani, aliposikia kwamba yeye si mtoto yule, alifurahi mno, kana kwamba kuwa mtoto yule ni kosa.

"Aliitwa nani?" aliuliza mwishowe.

"Uwera. Alikuwa anakuzidi kulia. Ulikuwa hulali mpaka yeye alale."

"Yuko wapi sasa?"

Marsiana alisukuma sahani kando.

"Sijui, mwanangu. Makambi yalipofungwa mwaka tisini na sita, nilikwenda nikakaa kando ya barabara kuu siku mbili, nikiwatazama wanaorudi kwao. Nilikuwa natafuta mtoto wa miaka miwili na nusu. Walipita wengi, mwanangu. Kila mmoja nilimwona ni yeye."