Waziri Mkuu wa Tanurini

Baba alimpa binti yake jina la Waziri Mkuu kwa mzaha, naye akalichukua bila mzaha. Baba ndiye mwenye kiwanda cha mikate. Binti ndiye aliyepanga zamu, akapokea unga, akasikiliza manung'uniko. Wafanyakazi wanne walijiita Bunge, na kila asubuhi kabla ya kukanda walimhoji.

Wiki hiyo swali lilikuwa moja: dohani imeziba, moshi unarudi ndani, itazibuliwa lini? Binti aliahidi kwamba itazibuliwa. Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Tanuri, mchomaji mikate, ambaye kikohozi hakikumwacha.

Baba akamwita binti ofisini. "Huyo Mama Tanuri ana mdomo. Mwambie leo ndiyo mwisho wake."

"Na dohani?"

"Dohani haijamuua mtu. Nenda ukaseme."

"Siendi, baba."

"Nani Rais hapa?"

"Wewe. Lakini waziri mkuu si tarumbeta, upulize wewe nilie mimi. Kazi za kila siku nazisimamia mimi, na wakiuliza, najibu mimi. Niliwaahidi kwa niaba yako. Ukitaka kumfukuza, kawaambie mwenyewe."

"Mwanangu, mwenye nguvu mpishe. Nilikuteua, na sasa nakutengua."

"Haya." Akavua aproni, akaitundika msumarini.

Baba alitoka hadi tanurini, akasafisha koo. "Waziri Mkuu hayupo tena. Na wewe, Mama Tanuri..."

"Hayupo?" Mama Tanuri aliweka koleo chini. "Basi serikali imeanguka, mzee."

Wenzake watatu wakafuta mikono, wakakaa juu ya magunia ya unga. Harufu ya mkate unaoanza kuungua ikatoka tanurini.

"Nani anageuza mikate?" baba akafoka.

"Swali hilo hujibiwa na Waziri Mkuu," alisema mkandaji, na hata baba nusura acheke.

Binti alikuwa ameegemea mlango wa ofisi, mikono kifuani. "Fundi wa dohani kwanza. Na mama huyu habanduki."

"Na mikate ikiungua?"

"Iungue, baba."

Baba alisogelea tanuri ageuze mwenyewe. Moshi ukamvaa, akakohoa, akakohoa tena. Mama Tanuri akampa maji. Trei ya kwanza ilikuwa nyeusi kabisa baba alipotoa simu kumpigia fundi.

"Leo," binti alisema. "Mwambie leo."

"Leo," baba akasema kwenye simu.

Ndipo binti akaitungua aproni.