Waya wa Zahanati

Barnabé, fundi umeme, alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya jikoni kwa Kepteni wa jeshi, bisibisi mdomoni, akikagua soketi iliyoungua. Juzi askari Wanyama, mtumishi wa Kepteni, alibeba oveni ya umeme, kubwa kama kabati, akaichomeka kwenye soketi ya redio. Nyumba nzima ikajaa moshi, na majirani wa mtaa wa Kyebando wakajifanya hawaoni.

Oveni ilitoka katika duka alilogawiwa Kepteni baada ya serikali ya wanajeshi kuwafukuza wenye maduka nchini. Mpaka juzi ilikuwa haijaonja umeme. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi mchele, panya wasiuguse. Sasa Kepteni alitaka kuwapa wageni wake mkate uliookwa nyumbani kwake, maana mjini mkate ulikuwa umebaki hadithi.

"Fundi, itawaka leo?" aliuliza Mama Kaltumi, mke wa Kepteni, mikono yake imejaa unga.

"Itawaka, mama, kama waya inafika."

Alilisema hilo kwa utulivu kwa sababu aliamini waya hautafika. Jana, alipoitwa, hakuthubutu kukataa. Fundi wa kwanza, aliyeitwa juzi ile ile, alisema ana kazi kwingine, akatiwa kwenye buti la gari, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Barnabé ni Mkongo, hana karatasi yoyote ya kumtetea. Basi akaona afadhali ujanja: akadai waya mnene wa shaba, ambao hata walanguzi wa soko la Nakivubo hawakuwa nao. Wala hakusema uongo. Oveni ile isingewaka salama bila waya huo.

"Waya kama hiyo iko kweli, ama unanichezea?" Wanyama alimwuliza jana hiyo.

Hapo Barnabé akajisahau. Mguse fundi kwenye kazi yake, ulimi utamponyoka. "Iko, afande. Mie mwenyewe nilifunga moja Bwaise, pale kwenye zahanati ya wazazi. Ilitoka Nairobi."

Sasa mlango wa nyuma ukasukumwa. Wanyama aliingia na waya uliokunjwa mviringo begani, akautupa sakafuni.

"Waya yako hiyo. Funga."

Barnabé aliuvuta karibu akautazama. Utepe wa kuzibia nyaya ulikuwa umetoweka madukani siku nyingi, kwa hiyo yeye alikuwa akikata vipande vya mpira mwekundu wa ndani ya gurudumu la baiskeli na kuvisokota kwenye maungio. Vipande hivyo vilikuwa kwenye waya huu, na fundo lake lile lile: ulikuwa ule wa Bwaise. Mdomo ulikuwa umeponza kichwa, na si kichwa chake peke yake.

Mtoto wao wa kwanza, yeye na mkewe Perpétue, alikufa kwa pepopunda. Kitovu kilikatwa kwa wembe usiochemshwa. Ndiyo sababu zahanati ya Bwaise ilipoletewa mashine ya kuchemshia vyombo vya kuzalishia, Barnabé aliifunga bure kwa waya huo, akigombana na mafundi wenzake waliomwita mjinga. Na asubuhi hii Perpétue alikuwa amelazwa huko huko, tumbo limeshuka, akingoja uchungu ukolee.

"Afande," alisema polepole, "hii ni ya wazazi. Bibi yangu iko pale sasa."

Wanyama aligeuka kuangalia kama Mama Kaltumi amesikia. Mama huyo alikuwa stoo, akichekecha unga. "Mimi naliambiwa tafuta waya, nikatafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Kama hutaki, ngoja Kepteni umwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia."

Barnabé aliinama akafunga. Mikono ilifanya kazi vizuri, na hilo lilimchukiza kuliko yote. Alipitisha waya ukutani, akaukaza kwenye swichi kuu, akafunga na waya wa ardhi ili mwanamke wa watu asipigwe shoti. Oveni ikapata moto bila kutoa hata cheche. Mama Kaltumi akacheka kama msichana, akamlazimisha angoje mkate wa kwanza uive.

"Pelekea mama watoto," alisema, akiufunga kwa kitambaa safi. Alikuwa mtu mwema, na hakuuliza waya umetoka wapi.

Bwaise maji ya mvua yalikuwa bado yamejaa vichochoroni. Barnabé aliyavuka suruali imekunjwa magotini, mkate kichwani. Nyuma ya zahanati alimkuta muuguzi Acayo amepiga magoti mbele ya sigiri, akihangaika na makaa yaliyolowa. Juu yake sufuria ya maji, ndani mkasi wa kukatia kitovu na koleo.

"Mungu amekuleta," alisema Acayo. "Askari walikata waya. Walisema ni kazi ya serikali. Nilishika upande mmoja, wakaniangusha." Alimwonyesha kiganja kilichochubuka. Kisha akanusa. "Mkate hiyo umeipata wapi?"

Barnabé aliuweka juu ya benchi. Ulikuwa bado moto.

"Imeivishwa na waya yenu. Na mie ndiyo niliwaambia iko hapa. Sikuwaambia kwa ubaya, nilikuwa najisifu tu."

Acayo aliinama tena akayapuliza makaa. Barnabé alingoja atukanwe. Angeona nafuu kama angetukanwa.

Kutoka chumbani Perpétue alilia, kisha akalia tena kabla kilio cha kwanza hakijaisha. Acayo aliinuka, akaukata mkate vipande kwa kisu cha jikoni, akaviweka kwenye sinia.

"Hawa wamama hawajakula tangu jana," alisema. "Waya ni yetu, basi na mkate ni yetu. Maneno yako utaniambia kesho."

Akamtupia kipande cha boksi cha kupepelea, akaingia ndani na sinia.

Barnabé alichuchumaa akapepea. Moshi ulimjaa machoni, makaa yakawa mekundu kidogo, yakafifia tena. Ndani Perpétue aliita jina lake. Barnabé alitumbukiza kidole kwenye sufuria, na maji yalikuwa bado baridi.