Matope ya Madiwani wa Harakani

Katika nchi ya Harakani, dereva aliyepunguza mwendo kwenye Mteremko wa Pupa alihesabiwa mwoga, na aliyepiga honi bila kugusa breki alisifiwa kuwa shujaa. Mtu alipogongwa akafa, majirani walimsitiri, wakamwombea dua, kisha wakatamka maneno waliyoyarithi: "Ajali haina kinga." Baada ya hapo ilikuwa mwiko kuuliza sababu, maana kuuliza kulidhaniwa ni kushindana na Mwenyezi Mungu.

Bi Hadhari alifiwa na mumewe, Saburi, aliyegongwa mteremkoni hapo. Watoto wake walivuka palepale kila asubuhi kwenda kusoma. Eda ilipokwisha, alilisihi Baraza la Mji lianzishe darasa la madereva na madiwani, na lichore kivuko. Kwa ombi hilo alishtakiwa kwa kufuru, na adhabu ya kufuru ilikuwa kuhamishwa nchi pasipo watoto.

Siku ya hukumu ukumbi ulifurika. Bwana Papara, dereva wa lori la mawe, alipaza sauti: "Bi Hadhari, ukitaka mwendo wa kobe, si uolewe na kobe!"

Watu wakaangua kicheko.

"Kobe angekuwa hai hata leo, mwanangu," alijibu, "nami nisingekuwa mjane."

Kicheko kikafa.

Liwali Kadari, mkuu wa Baraza, mzee wa sauti ya upole, akauliza, "Je, unakana kwamba roho zote zi mikononi mwa Mola?"

"Sikani, Mheshimiwa. Namwomba usiku na mchana. Lakini ndiye aliyetupa macho, na akili ya kuunda breki, na kila amana ina swali lake siku ya Kiyama. Nami naomba swali moja: leo umefika hapa kwa njia gani?"

Liwali akavuta miguu yake nyuma. Watu waliinama, wakatazama chini ya meza ndefu. Barabara ya mteremko ilikuwa kavu, vumbi tupu. Lakini viatu vya Liwali na vya madiwani wote vilitapakaa matope meusi ya mashamba ya mpunga. Waliohubiri kwamba ajali haina kinga walikuwa wamejikinga nayo kwa kuzungukia mashambani.

Papara alitaka kucheka, akaona machozi ya mzee.

"Binti yangu Johari alifia pale," alisema Kadari. "Ikiwa ajali ina kinga, basi mimi, baba yake, mwenye mamlaka, sikumkinga. Neno hili nitalibebaje?"

"Tutalibeba pamoja, baba," alisema Bi Hadhari. "Lakini wanangu wanavuka kesho."

Mashtaka yakafutwa. Darasa likafunguliwa ukumbini humo kila jioni, baada ya sala, na wa kwanza kuketi alikuwa Kadari. Papara alikuja kwa kejeli. Alipoulizwa lori lenye shehena ya mawe husimama baada ya umbali gani, alijibu, "Papo hapo!" Walikwenda uwanjani kupima, lori likapita alama ya kusimamia, likapita na mti, likasimama mbali. Papara alishuka, akaomba kurudia.

Asubuhi moja, baada ya kivuko kuchorwa, Kadari alishika njia ya mteremko. Lori la mawe likateremka, likapunguza mwendo, likasimama kabisa. Watoto wa Bi Hadhari walivuka, na mzee katikati yao, amewashika mikono.

"Pita, Liwali," Papara aliita dirishani. "Kobe anakusubiri."

Siku hiyo Kadari aliingia barazani na vumbi viatuni.