Simbilisi wa Hajara

"Chukua yenye roho yako inataka," Rosa Kiden alisema, akifunua kapu lililokuwa kando ya mafiga. "Lakini chukua leo. Kesho iko Pasaka, na yenye itabaki itaingia sufuria."

Hajara alipiga magoti kwenye majivu. Simbilisi walikuwa watatu, wanene kama viazi, hawana hata mkia. Rosa alirudi nao kutoka Zaire, vita vilipotulia na watu wa Koboko wakaanza kusimamisha nyumba juu ya misingi iliyoungua. Kule kwenye kambi ya wakimbizi alijifunza kuwafuga kama wenyeji, jikoni, kwa maganda na majani, wawe kitoweo. Hajara, mtoto wa Kinubi, hakuwa na habari ya kitoweo. Alimtaka yule wa kahawia mwenye doa puani, alimtaka mpaka usingizi ukampaa.

Rosa akavunja bua la nyasi. Kusikia tu vile, wote watatu wakapiga mluzi, wiii, wiii, mluzi mkali ajabu!

Hajara akarudisha mkono.

"Nini sasa?"

"Iko na kelele, Mama Rosa."

"Si iko na njaa? Wewe ukiwa na njaa unanyamaza?"

Hajara alijipangusa majivu magotini. Alisema atarudi, akatoka.

Mwaka waliokimbilia Zaire, alibeba kuku. Alikuwa mdogo, na huo ndio mzigo aliopewa. Walilala kifudifudi ndani ya shamba la mtama, askari wanapita barabarani, karibu mno, na kuku akaanza kulalama. Bibi yake, Haboba Hawah, alinyoosha mkono akaminya ile shingo hapohapo, kuku akiwa kifuani pa mtoto. Askari wakapita. Halafu, na njaa yote ile, hawakumla. Kuku wa kunyongwa ni mzoga, Mwislamu hali. Wakamwacha kwenye mtama, bado ana joto.

Alimkuta Haboba mlangoni, anasuka kawa la kufunikia chakula, ukindu mwekundu umetapakaa mapajani.

"Haboba, Mama Rosa anataka kunipa simbilisi."

"Panya? Ndani ya nyumba ya watu wanaswali? Astaghfirullah!"

"Si panya. Haina mkia."

"Ala! Kwa hiyo panya ikikatwa mkia inakuwa mbuzi?"

Siku nyingine Hajara angecheka. Alikaa chini, akachukua uzi wa ukindu akauzungusha kidoleni mpaka ncha ikavimba.

"Haboba, tukikimbia tena, utainyonga?"

Vidole vya bibi vilisimama.

"Ile kuku bado iko ndani ya kichwa yako."

"Iko."

"Ilikuwa kuku, ama wewe." Sauti ya bikizee ilikwaruza. "Mimi pia naisikia, Hajara. Hapa ndani ya kiganja. Mpaka leo."

Hajara alikuwa hajawahi kufikiria kwamba na bibi naye anaumia. Alimwonea huruma, na bado jibu alilitaka.

"Lakini utainyonga?"

"Sitanyonga kitu. Mimi sikimbii tena." Haboba alisema hivyo kama mtu anayesema leo hatapika mboga. "Magoti imekwisha. Mama yako nimemzika Zaire, ndani ya mchanga ya watu. Mimi nitazikwa hapa. Bunduki ikilia, wewe shika mkono ya Rosa, mwende. Usiangalie nyuma. Mimi nitabaki kwa mlango hii."

"Na nani?"

"Na Mungu."

Akaokota sindano yake akaendelea kusuka.

Weee, mtoto yule! Machozi yakaja, akayafuta kwa nguvu kwa ncha ya mtandio. Tangu mama yake afariki, Haboba ndiye aliyekuwa nyumba, na ndiye aliyekuwa njia. Sasa aliiona njia ile ya mpakani, na yeye juu yake bila Haboba, na mlango huu ukiwa na bikizee mmoja peke yake, ukimya umejaa ndani.

Akanyanyuka bila kuaga.

Kwa Rosa hakuchagua kwa kuwatazama. Alivunja bua la nyasi mwenyewe, akasikiliza. Aliyepiga mluzi kuliko wenzake hakuwa yule wa doa. Alikuwa mweusi, manyoya yamesimama ovyo, sura mbaya hasa.

"Huyo?" Rosa alishangaa. "Na ile yako yenye doa?"

Hajara alimtazama yule wa kahawia kwa muda mrefu. Rosa akafunika kapu.

Alirudi amemkumbatia yule mweusi, akamweka mapajani pa bibi yake, katikati ya ukindu.

"Haiko yangu," alisema. "Iko yako. Itakaa na wewe."

Haboba alinyanyua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyemwagikiwa na kitu. Alimtazama yule mnyama, akamtazama mjukuu wake.

Kisha mkono mmoja ukaanza kushuka, taratibu, kiganja wazi, ukasita juu ya yale manyoya.

Simbilisi aliinua pua akaunusa.